Reale Yenye Tundu

Mtu mmoja alikuwa na sikio. Mtasema sote tunayo masikio. Hapana, hayo yenu ni ya kusikilia adhana na umbea. Lake lilikuwa la kazi. Ungedondosha reale juu ya jiwe, naye amekupa mgongo, angekwambia kama ni fedha tupu au imechanganywa na shaba. Na kama imechanganywa, angekwambia pia kwamba aliyeileta ni mtu wa kuangaliwa. Jina lake Mwidani, mkaguzi wa fedha katika forodha ya mji mmoja wa pwani, zamani zile noti za karatasi hazijajulikana na msafiri akibeba mali yake kiunoni.

Reale yenyewe wengi wenu hamkuiona. Ni sarafu ya fedha, pana na nzito. Upande mmoja ina sura ya mwanamke mnene wa Kizungu mwenye ushungi kichwani na kishikizo cha lulu begani, na upande wa pili ina ndege wa vichwa viwili. Mwanamke huyo alikuwa malkia wa nchi ya mbali. Alikufa, lakini watu waliendelea kuifua fedha yake na kuiandika mwaka uleule mmoja, maana huku kwetu na ng'ambo ya bahari hakuna aliyekubali mwaka mwingine. Watu wa Hadhramaut waliiita faransa, watu wa milima ya Uhabeshi waliiita birri, na sisi tukaiita reale ya Sham, ingawa haikutoka Ufaransa wala Sham. Kila nchi iliipokea ikaipa jina lake na kazi yake. Lishikeni hilo, kwa sababu ndilo lililomponza Mwidani.

Katika mji wake, reale ilikuwa ya kununulia. Inaingia asubuhi, inatoka jioni, leo ya mwenye pembe, kesho ya mwenye mchele. Mwidani alikaa kwenye baraza ya forodha juu ya mkeka, na mbele yake aliweka jiwe jeusi, nyundo na msumari. Wafanyabiashara walipanga foleni mbele yake kwa unyonge, hata wale wenye majumba. Yeye alidondosha reale jiweni, akasikiliza. Ikilia vizuri, aliisukuma upande wa kulia bila kumtazama mwenyewe. Ikilia vibaya, aliweka msumari juu ya kichwa cha yule malkia, akapiga nyundo, akamrudishia mtu reale yake ikiwa na tundu. Kuanzia hapo haikununua hata kitunguu. Kila mtu angeiona na kujua kwamba imekaguliwa ikakataliwa.

Desturi hiyo ilikaa sana mjini hata ikazaa neno. Mtu asiyeaminika waliambiana ametoboka. Shahidi aliyegeuza maneno mbele ya kadhi, ametoboka. Mwanamke aliyerudishwa kwao na mumewe, hata kama mume ndiye mwenye makosa, ametoboka. Watoto wakigombana uwanjani walitukanana kwa neno hilo, na mama zao waliwachapa, kwa kuwa lilikuwa tusi zito kuliko kumtaja mama wa mtu.

Basi kazi haikumwacha Mwidani hata nyumbani. Alikwenda nayo. Sokoni aligonga mafenesi na mitungi, hilo si ajabu. Lakini alipima hata watu. Ukimwuliza habari za asubuhi, alinyamaza kwanza, akiigeuzageuza salamu yako, kisha ndipo akajibu. Alichumbia mara kadhaa na kila mara akavunja. Mmoja alicheka mno alipoambiwa habari ya posa, mwingine hakucheka vya kutosha. Nywele zikaanza kuingia mvi, naye bado anakula chakula cha kununua. Watu wa baraza walipomtania kwamba angewauliza wale wasichana mambo yao badala ya kuwapeleleza, aliwajibu bila kucheka, "Reale haiulizwi. Hupigwa ikasema yenyewe."

Wakati huo alikuwapo mjini mfanyabiashara wa kahawa aliyeitwa Abdoshi, mtu wa Harari, huko milimani Uhabeshi. Alikuwa mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha kupimia magunia. Katika miaka yote aliyoleta fedha forodhani, hata reale yake moja haikupata kutobolewa. Mwidani alimheshimu kwa sababu hiyo tu, wala hakujua jambo jingine juu yake. Mwaka mmoja Abdoshi alishuka kutoka kwao na mpwa wake, binti aliyefiwa na wazazi, jina lake Nuria. Mwidani alimwona akipita na ushungi wake, hakucheka mno wala hakununa. Akaposa. Abdoshi akakubali kwa mahari ndogo, akisema kwao hawauzi watu. Ndoa ikafungwa.

Na Mwidani alimpenda. Nalisema wazi, msije mkadhani nawasimulia habari za mtu asiye na moyo. Alimpenda hata akaona haya mwenyewe, mtu mzima anaondoka kazini kabla ya alasiri kama ana mgonjwa nyumbani. Nuria alikuwa na sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Asubuhi alikaanga kahawa uani, na kabla ya kuitwanga alimletea mumewe kikaango, akaupungia moshi kuelekea usoni mwake, kwa kuwa kwao mwenye nyumba hunusa kwanza. Mwidani alifumba macho na kuunusa. Hakuwahi kuwa na furaha namna ile, na furaha asiyoizoea ikamtia hofu.

Asubuhi moja Nuria aliinama kumwekea kikombe, na kutoka ndani ya nguo yake kikachomoka kigwe cha ngozi. Mwisho wa kigwe ilining'inia reale. Ilining'inia kwa tundu, na tundu lilikuwa juu, kwenye kichwa cha malkia, pale pale Mwidani alipowekea msumari wake kila siku. Nuria alibaki ameinama kidogo, kisha akainuka, sarafu ikarudi ndani ya nguo.

Mwidani aliishika kahawa yake, asinywe. Reale iliyotobolewa, katika shingo ya mwanamke aliyetoka nchi ya mbali akaolewa kwa mahari ndogo. Nani humvisha mtoto wake fedha iliyokataliwa? Anayetaka kumtia alama, alijijibu. Huyu aliwahi kuolewa akarudishwa, au ana jambo ambalo kwao linajulikana, wakamfunga alama shingoni, wakamshusha pwani kwa watu wasiojua kuisoma. Ila mimi najua kuisoma, Mwidani aliwaza. Kazi yangu ni hiyo.

Angeuliza tu. Alikuwa hapo mbele yake, hatua chache, anapuliza moto. Lakini tangu lini reale ikaulizwa?

Kuanzia siku hiyo kila kitu kilimgeukia. Mahari ile ndogo aliyoifurahia sasa ilimwasha. Mbona mzee Abdoshi alikubali upesi? Kati ya Harari na pwani hakuna wanaume? Na ule moshi wa kahawa, kwa nini lazima aunuse? Alianza kugeuza uso pembeni kikaango kilipoletwa, akajisingizia mafua. Alimwuliza mkewe, katika mazungumzo mengine kabisa, mama yake alifia wapi. Nuria akasema alifia kwao, nyumbani. Baadaye akamwuliza tena kama mtu aliyesahau, na Nuria akasema alifia katika ile nyumba ya mawe ya babu. Mwidani akashika: nyumba ya mawe haikuwamo katika jibu la kwanza. Alirudi nyumbani saa asizotarajiwa, akamkuta anapepeta mchele na kuimba taratibu kwa lugha yao. Akasimama nyuma ya mlango kuusikiliza wimbo ambao haelewi hata neno lake moja, na bado akaona una kitu.

Na asubuhi, kila asubuhi, Nuria aliinama kuweka kikombe, reale ikachomoka, naye akakawia kidogo kabla ya kuinuka. Mwidani aliangalia pembeni. Hana hata haya, alisema moyoni, hata kuificha haifichi vizuri. Siku moja mkewe alimwuliza, "Bwana, una neno?" Akamjibu, "Sina neno." Nuria akaondoa kikombe kikiwa bado kimejaa.

Mkaguzi mzuri hategemei sikio lake pekee, hutafuta na mashahidi. Mwidani akaenda ghalani kwa Abdoshi. Hakutaja shingo ya mtu. Aliketi juu ya gunia, akaongea habari za bei na mvua, kisha akauliza kama kwa bahati, "Mjomba, huko kwenu reale ikitobolewa, inakuwaje?"

Uso wa Abdoshi ulichangamka. Alidhani sasa mambo yamekaa sawa nyumbani. "Ikitobolewa? Hiyo hairudi sokoni tena," alisema kwa Kiswahili chake kifupi. "Mwenye nayo anaomba Mungu apate mtu wa kumpa." Akamwekea Mwidani mkono begani, akatabasamu. "Wewe umepewa."

Masikini Abdoshi, alisema kweli tupu, na kila neno lilifika upande wa pili limevaa nguo nyingine. Hairudi sokoni, Mwidani aliyasikia, yaani haina mnunuzi. Anaomba Mungu apate mtu wa kumpa, yaani walikuwa wanatafuta mjinga. Wewe umepewa. Na anacheka. Aliondoka ghalani masikio yanamvuma, akasahau hata kuaga.

Shahidi wa pili alikuwa Awadhi, muuza ubani, Mhadhrami mwenye duka dogo karibu na msikiti wa Ijumaa, mtu mkweli aliyejulikana mji mzima. Kwa Awadhi reale haikuwa ya kununulia wala ya kuvaa. Ilikuwa jiwe la mizani. Uzito wake ni wakia moja, na tangu enzi ya baba yake waliiweka kwenye kitanga kimoja na ubani kwenye kitanga cha pili, au zafarani kwa mwenye uwezo. Mwidani akamwuliza, iliyotobolewa inafaa?

"Kwangu haifai," alisema Awadhi, akifuta mizani yake. "Imepungua. Nikiipimia, mteja wangu atapunjika, na mimi nitaulizwa mbele ya Mungu."

Haifai, alisema mtu mkweli. Mwidani hakuhitaji jingine. Hakufikiri kwamba Awadhi alijibu habari za mizani yake mwenyewe, kama vile Abdoshi alivyojibu habari za nchi yake, na kwamba hakuna aliyejibu habari za Nuria kwa kuwa hakuna aliyeulizwa habari za Nuria. Watu watatu walikuwa wanaitazama sarafu moja, kila mmoja na tundu lake. Yeye aliyajumlisha matundu hayo akapata hukumu.

Siku ya Ijumaa Nuria aliingia kuoga, akakitundika kigwe kwenye ukuta wa uani kama alivyozoea. Mwidani alikitwaa. Aliingia chumbani, akalitoa jiwe lake mfukoni, akaidondosha reale.

Ikalia ta, kavu, kama kigae.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Reale safi kabisa, fedha tupu, ukiitoboa haitoi tena sauti yake. Tundu huivunja sauti. Hilo ni jambo la kwanza kufundishwa mtu yeyote katika kazi ile, na Mwidani mwenyewe aliwahi kuwafundisha wengine. Alilijua. Siku hiyo hakutaka kulijua. Mtu akishakata shauri moyoni mwake, sikio nalo humtii, jicho nalo, na hata elimu aliyosomea kwa jasho hujikunja pembeni ikamwachia njia. Alisema, nimesikia kwa sikio langu. Akaifunga reale katika kitambaa, akatoka.

Alimtuma mtu kumwita Abdoshi aje forodhani baada ya sala. Watu walikuwa wengi barazani, wenye mizigo na wasio na mizigo. Abdoshi alikuja na kanzu yake ya Ijumaa, akatoa salamu, akafikiri ameitwa kwa habari ya kahawa. Mwidani hakuitika salamu. Aliinuka, akaifungua reale mbele ya watu, akaiinua juu kila mtu aione.

"Mzee Abdoshi," alisema, "umenipa kitu kilichotoboka."

Hapakuwa na mtu barazani asiyejua neno lile linamwangukia nani. Abdoshi peke yake hakulielewa, aliitazama ile sarafu, kisha akamtazama mkwewe, na akauliza polepole, "Imefikaje mkononi mwako? Amekupa yeye?"

Mwidani alilichukua swali hilo kuwa ni hofu. Alichukua patasi, ile wanayotumia kwa reale za kughushi, ambazo hukatwa katikati ili shaba iliyo ndani ionekane na mwenyewe afedheheke. Akailaza reale juu ya jiwe. Abdoshi alinyoosha mkono kumzuia, akachelewa. Nyundo ilishuka, na malkia akakatika kuanzia tundu la kichwani mpaka chini ya kishikizo cha lulu.

Ilikuwa nyeupe. Watu walisogea. Mwidani aliinua kipande kimoja akakisogeza machoni. Kilikuwa cheupe kutoka ukingo mpaka ukingo, hakina doa la wekundu, fedha safi kuliko nyingi alizopitisha wiki ile. Akakiweka chini akakikata tena, kwa haraka, bila kulenga vizuri. Ndani kulikuwa kweupe. Mmoja wa wachukuzi akasema kwa sauti ya chini, "Ni nzuri hiyo," na wenzake wakamkanyaga mguu anyamaze.

Wakati huo Nuria alikuwa amefika. Alikuwa ameitafuta uani, akaitafuta katika majivu ya jiko na ndani ya mtungi, na jirani akamwambia amemwona mumewe akitoka na kitambaa mkononi. Alisimama chini ya ngazi ya baraza, mkono mmoja umeshika shingo yake iliyo tupu. Aliviona vipande juu ya jiwe. Hakulia. Watu walimpisha akapanda, akamtazama mumewe kama mtu anayejaribu kumkumbuka, akasema:

"Kwetu reale ikitobolewa, imetolewa sokoni. Haiuzwi tena."

Kisha akapiga magoti, akaviokota vipande kimoja kimoja, akavifunga katika pindo la nguo yake. Alishuka, akashika njia ya ghala la mjomba wake, wala hakushika njia ya nyumba ya Mwidani.

Abdoshi alibaki pale. Hakumtukana mtu. Alitafuta maneno katika Kiswahili chake cha magunia, akayapata kwa shida. "Bibi arusi wetu hasemi mwenyewe mpaka aulizwe," alisema. "Anainama tu, ionekane. Mume anauliza, hii ni ya nani? Naye anamweleza. Halafu anaivua mwenyewe, wanaitundika juu ya mlango, na hapo ndoa imekaa." Akaongeza, "Aliniambia mume wangu bado hajauliza. Nikamwambia subiri, watu wa pwani wana haya."

Zikamrudia Mwidani asubuhi zote zile. Kikombe, kigwe kinachomoka, yule mwanamke anabaki ameinama, anangoja. Kila siku alipigiwa hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe, naye akageuza uso. Alijisikia aibu, na si aibu ya watu wa baraza. Hao hakuwaona tena.

Alimfuata Nuria. Alisimama mlangoni kwa Abdoshi, mtu aliyezoea wengine wasimame mbele yake, na Nuria akaja mpaka kizingitini, asimkaribishe. Hapo Mwidani akauliza, kwa sauti ambayo haikulia vizuri hata kidogo, ile reale ilikuwa ya nani.

Nuria alimjibu. Alimjibu kwa adabu na kwa ukamilifu, hakumficha kitu. Ilikuwa ya mama yake. Mwaka wa njaa wachuuzi walipanda milimani na mtama, wakabadilisha kwa chochote walichokipata. Nyumba yao ilitoa ng'ombe, ikatoa sufuria, ikatoa mpaka mbao za mlango. Ikabaki reale hii moja, na wachuuzi walijua ipo, wakawa wanarudi kuiulizia. Mama aliichukua usiku akaitoboa kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, kusudi, kwa kuwa wachuuzi wale nao, kama watu wa Mwidani, hawakupokea reale yenye tundu. Hakuwazuia wao tu. Alijizuia na yeye, kwa sababu aliijua njaa ilivyo, aliogopa asubuhi moja mkono wake mwenyewe utaipeleka sokoni. Alisema binti yangu hataingia nyumba ya mtu shingo tupu, akaona ya kuwa fedha hiyo si ya kununulia tena, ni ya binti kuvaa. Wakala majani na mizizi. Mama hakuuona mwaka uliofuata.

Mwidani alisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza katika umri wake kumsikiliza mtu bila kuipima sauti yake. Aliposema kwamba masonara wa mji wapo, kwamba fedha huungika, kwamba nyumba ni ile ile na mlango upo, Nuria alitikisa kichwa pole pole.

"Ungeniuliza jana, ningekwambia ndani," alisema. "Leo nimekwambia mlangoni."

Msafara wa kahawa ulipokuwa unarudi milimani, Abdoshi aliondoka nao, na Nuria aliondoka naye. Talaka Mwidani aliiandika kwa mkono wake, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichoombwa. Aliendelea na kazi. Sikio halikupungua; mpaka anazeeka hakuna reale mbovu iliyompita. Lakini watu walioketi naye walisema kwamba asubuhi, akiletewa kahawa, huishika kwanza bila kuinywa na kumtazama aliyeileta, kana kwamba kuna neno anataka kumwuliza, na amesahau linavyoanza.

Fedha ilikuwa safi mpaka ndani, na aliyeithibitisha ni yeye aliyeikata. Sasa niambieni ninyi, wajuzi wa watu, mnaorudi nyumbani jioni ya leo: yule mnayelala naye chini ya paa moja, ni lini mara ya mwisho mlimwuliza neno, mkanyamaza mpaka akamaliza kujibu?